Wakazi, Si Wavamizi

Wanafunzi walimbandika jina la Mama Kwanini, maana darasani mwake hakuna aliyetoa jibu akaachwa akae bila kuulizwa kwanini. Alipokabidhiwa Idara ya Sosholojia aliikuta iko hoi: madawati mabovu, wahadhiri wakiwinda kazi kwingine. Akaivalia njuga. Akawatoa wanafunzi madarasani, akawapeleka mitaani wakaongee na watu. Miaka ikapita, ukumbi ukafurika hadi wengine wakawa wanamsikiliza wakiwa wamekaa madirishani.

Ndipo akaja makamu mpya wa mkuu wa chuo, mwanafunzi wake wa zamani, suti imemkaa sawasawa. Chuo kilitaka kujenga hosteli kwenye mtaa ulio nyuma ya uzio, na idara ilikuwa imetoka kuufanyia utafiti mtaa huohuo.

"Mwalimu, ripoti yenu nzuri mno," alisema akimkaribisha kiti. "Badilisheni neno moja tu. Mmeandika wakazi. Andikeni wavamizi."

Mama Kwanini hakukikalia kiti. "Yule bibi tuliyemhoji pale mtaani kazaliwa kwenye nyumba ile kabla chuo hiki hakijawa hata na geti. Leo nimwite mvamizi?"

"Nyakati zimebadilika, mwalimu wangu. Usilitie moyoni."

"Nilitie wapi, mfukoni kama wewe? Ndicho nilichokufundisha?"

Akatoka bila kuaga.

Wiki haikuisha, akavuliwa ukuu wa idara, eti apishe damu mpya. Nafasi akapewa mhadhiri mmoja mpole, asiyewahi kupaza sauti kikaoni. Makamu alidhani kapata mtu wa ndiyo mzee. Mpole yule alipoombwa neno lilelile, alisema, "Ripoti ni ya idara nzima, bosi. Mimi siigusi." Kisha akawaalika watu wa mtaa ukumbini, akawaketisha viti vya mbele, na wahadhiri wakaisoma ripoti kwa kupokezana, kama ilivyo. Waandishi wa habari nao walikuwepo. Baada ya hapo hosteli ikatangazwa kuwa imeahirishwa.

Mama Kwanini anafundisha mpaka leo. Cheo hakurudishiwa, wala hakuna aliyemwomba radhi. Mumewe akimsihi asahau, ndiyo kwanza anamtia moto.

"Wameahirisha, hawajaacha! Nisahau nini, baba watoto? Na yule mtoto, makamu wao, nilimpa alama za juu kabisa, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu!"