Miguu Myeusi ya Kereng'ende

Mume wangu alikuwa mwalimu wa sayansi. Presha ya macho ilipommalizia kuona, hakulilia magazeti wala nyuso za wanetu. Alililia kereng'ende. Chini ya shamba letu, hapa Meru, palikuwa na kinamasi katika ardhi ya ndugu yake, na kwa miaka mingi mwalimu alikuwa ameandika kwenye daftari kila kereng'ende aliyemwona pale.

Basi nikawa macho yake. Asubuhi, jua likishapanda kidogo, nilimshika mkono tukateremka, mimi na gambuti zangu, yeye na fimbo. Mwanzoni nilikuwa mwanafunzi mbovu.

"Namwona mmoja mwekundu," nilimwambia.

"Wekundu wako wa aina mbili hapa. Usianze na rangi, mama, rangi inadanganya. Tazama miguu."

"Miguu ya mdudu nitaionaje?"

"Subiri atue. Atarudi palepale alipotoka."

Kweli akarudi kwenye tete lilelile. Nilichuchumaa mpaka maji yakaingia ndani ya gambuti. Miguu ilikuwa myeusi tititi. Yule wa kawaida, anayeonekana hata kwenye madimbwi ya barabarani, miguu yake ni myekundu. Huyu mwenye miguu myeusi hakutoka kinamasini kamwe. Nilipomwambia, mwalimu alicheka kwa sauti, akanikumbatia mlemle matopeni kama kijana.

Mwaka wa tatu figo zake zikaanza kushindwa, akawa hatoki kitandani. Wakati huohuo shemeji yangu akachimba mitaro, akayatoa maji yote ili apande kabichi. Ardhi ilikuwa yake, na ana watoto wa kulisha; ningemwambia nini? Nilimficha mume wangu habari hiyo mwezi mzima.

Kisha siku moja akanituma nikamwangalie yule mwenye miguu myeusi. Nilikwenda, nikasimama juu ya udongo uliopasuka, nikalia, nikarudi.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Miguu?"

"Myeusi."

"Alitua wapi?"

"Kwenye tete, karibu na lile jiwe."

Alinyoosha mkono, akapapasa hadi akalipata pindo la leso yangu. Akalisugua polepole kati ya vidole. Lilikuwa kavu, limejaa vumbi.

"Kinamasi kimekauka lini?"

Nilianza kulikung'uta lile pindo.

"Lete daftari," akasema. "Andika tarehe ya leo. Andika: hakuonekana."

"Mwalimu, nisamehe."

"Andika kwanza."

Niliandika. Nilitamani anifokee, lakini alijigeuza tu akaelekea ukutani. Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kulipima neno langu hata mara moja. Siku hiyo alilipima, na likapungua.

Hatukulizungumza tena. Nilimwogesha, nikamlisha uji, naye akashukuru kila mara kwa adabu, kama mgeni anavyomshukuru mwenye nyumba. Adabu ile ndiyo iliyonivunja.

Jumatano iliyofuata aliamka na hamu ya ndizi za kupika. Nilifurahi, nikadhani ni nafuu, nikakimbilia soko la Gakoromone. Nilichagua mkungu mzuri kuliko yote niliyoiona. Niliporudi nilimkuta shemeji amesimama mlangoni kwetu, kofia mkononi, na hakuna aliyenipokea mzigo.