Swali Langu la Shikamoo

Nilipougua ugonjwa wa akili, kitu cha kwanza kunipotea hakikuwa usingizi. Ilikuwa shikamoo. Watoto wa majirani pale mtaani kwetu Mkomaindo, Masasi, waliozoea kuniamkia kabla sijafungua mlango vizuri, walianza kunipita kama wanapita nguzo ya umeme. Wakubwa nao wakaacha kuniita mama fulani kwa jina la mwanangu. Nikawa "yule". Nilitibiwa, nikapata nafuu, nikarudi kuuza ming'oko, vile viazi vya porini, na dawa nameza mpaka leo. Shikamoo haikurudi.

Kwa hiyo watafiti walipokuja kutoka mjini wakisema wanatafuta watu waliowahi kuugua wawe washirika wao, siyo wa kuchunguzwa bali wa kuchunguza pamoja nao, nilifurahi, nasema kweli. Nilivaa khanga mpya. Ukumbini kijana wao mmoja aliiamkia safu yetu mmoja mmoja: muuguzi shikamoo, mwenyekiti wa mtaa shikamoo, hata dereva shikamoo. Alipofika kwangu akainama, akapaza sauti kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mambo, mama? Leo tumemeza dawa?"

Tumemeza! Mimi na nani? Kijana yule ningeweza kumzaa, yeye na kaka yake.

Sikugombana naye kwa sababu nilikuwa na jambo langu la kusema. Mkuu wa utafiti, mama mmoja mwenye sauti ya upole sana, alituuliza sisi washirika tungependa swali gani liongezwe kwenye yale watakayouliza majumbani. Nikasimama. Nikasema waulizeni wagonjwa, "Tangu uugue, ni nani bado anakuamkia?" Baadhi ya watu wakacheka. Mkuu hakucheka, alinisifu, akasema huo ni mchango mzuri mno. Maswali yaliporudi kutoka mjini, langu halikuwamo. Nikaambiwa halipimiki. Lakini la kuuliza kama mtu huongea peke yake lilikuwamo, tena limerudiwa kwa namna mbalimbali. Nani asiyeongea peke yake akipalilia mikorosho yake? Hapo ndipo nilipoujua ushirika wenyewe: kiti cha mbele na soda.

Hata hivyo nilikwenda nao majumbani, maana nilikuwa nimeahidi. Tukapanda mlima wa Newala mpaka kijiji kimoja mbele ya Chilangala, mimi na kijana yuleyule wa tumemeza. Bibi tuliyemfuata alikuwa amekaa kwenye jiko la uani, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Mke wa mwanawe alituwekea viti upande wa pili wa ua.

"Huyo haongei," alituambia. "Miaka sasa."

Kijana akafungua kishikwambi chake, akamuuliza huyo mkwe maswali yote. Bibi analala vipi? Anakula? Anajitambua? Na mwenyewe yupo palepale, anasikia. Walipofika kwenye swali la kuongea, kijana akabonyeza: haongei.

Nilishindwa kuvumilia. Nikaondoka kitini, nikachuchumaa mbele ya bibi.

"Shikamoo, mama."

Mkwe akaanza kuniambia nisijisumbue.

"Marahaba," bibi alisema. "Kwenu wapi?"

Nikamwambia Masasi. Akauliza kama mvua huko imenyesha au bado, na kama mlima nimeupanda kwa miguu. Sauti ilikuwa inakwaruza, lakini maneno yalikuwa mazima. Mkwe alijishika mdomo. Nikamgeukia kijana, nikamwambia abadilishe jibu lake. Akasema lazima amuulize mkuu, akampigia simu, kisha akanipa niongee naye. Mama wa sauti ya upole akanieleza, taratibu kabisa, kwamba nimeingilia zoezi, kwamba bibi ameongea kwa sababu yangu, hivyo jibu la kwanza ndilo litakalobaki. Tena kuanzia kesho nisiende majumbani, ila kwenye vikao bado wananihitaji sana.

Kumwamkia mtu mzima ni kuingilia! Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka, nikaificha ndani ya khanga, maana najua mikono ya mtu kama mimi ikitetemeka watu wanaisomaje.

Ripoti yao ilipotoka nilioneshwa. Kuna picha ya kikao. Nimekaa mbele, chini yake wameandika mshirika. Bibi ameingia humo miongoni mwa wasioongea.

Mimi hupanda kule mwenyewe siku ambazo sina biashara. Mara ya mwisho nilifika jua limewaka, nimechoka na mlima, nikajitupa kwenye mkeka wake bila kusema neno. Nikasubiri pumzi irudi. Bibi akanikazia macho, uso umekunjamana kwa hasira.

"We mtoto," alisema, "mbona hujaniamkia?"