Mpima maziwa wa Kagongwa na samaki wa maji ya chumvi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, baiskeli ya kwanza inaegeshwa mbele ya kibanda cha maziwa cha Lusia Masalu, jirani na stendi ya Kagongwa, Kahama. Mfugaji anashusha dumu, anasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Mama Limi," kisha anasimama pembeni kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Lusia hana haraka. Anamimina maziwa kwenye kopo refu jembamba, anatumbukiza kipimo cha kioo, anainama mpaka macho yalingane na mstari.

"Ishirini na tisa," anasema, kisha anashukuru: "Wabeja."

Mfugaji anashusha pumzi. Maziwa mazuri husoma ishirini na nane hadi thelathini na mbili, na yakiongezwa maji kipimo kinazama. Hilo kila mfugaji wa hapa analijua, na wachache wamelijua kwa kurudishwa nyumbani na dumu lao.

Juu ya meza ya kupimia kuna tangi la kioo la urefu wa mita moja. Nusu ni maji, nusu ni tope lililoinuka, na katikati imesimama mikoko mitatu yenye mizizi kama miguu ya buibui. Samaki mwenye macho juu ya kichwa ametoka majini, amejilaza juu ya tope na anamkagua mteja. Pwani ya bahari iko karibu kilomita elfu moja kutoka hapa.

"Hao ni wapangaji wangu," anasema Lusia, mwenye umri wa miaka 47. "Jina lao la huko kwao nimeshaambiwa mara nyingi, halikai kichwani."

Jina la wapangaji lina sababu. Waliletwa na mpangaji. Masudi, dereva wa lori aliyekuwa akishusha mizigo bandari kavu ya Isaka, alipanga chumba nyumbani kwa Lusia kwa miaka minne. Safari moja alirudi na ndoo ya rangi yenye tope bichi, samaki saba na vijiti vitano vya kijani virefu kama kalamu, mbegu za mikoko alizoziokota chini ya miti yake kwao Tanga.

"Nilimwambia, baba, wewe umekosa zawadi kabisa?" anakumbuka, akicheka. "Watu wanaleta nazi."

Masudi alipohamishiwa njia nyingine, alimwachia Lusia tangi, samaki na maelekezo: maji yasikose chumvi kama ya kisimani wala yasiwe na chumvi kali kama ya baharini. Yawe katikati.

Katikati ni wapi, kwa mwanamke aliyezaliwa Didia, huku bara, na ambaye hajawahi kuonja maji ya bahari? Mwanzo alikisia kwa ulimi, akaua mikoko miwili na samaki mmoja. Ndipo akili ya kazi ikamjia. Kipimo chake cha maziwa kinaanzia sifuri, na maji yakiongezwa chumvi hukiinua. Akanunua cha pili kwa ajili ya tangi, akachanganya chumvi ya mawe kidogo kidogo mpaka kikasoma kumi. Samaki wakachangamka. Mikoko ikatoa majani.

Mtu aliyebuni jambo hilo peke yake, bila kitabu, angestahili kupigiwa makofi. Lusia alipigiwa kelele.

Ilikuwa Januari mwaka jana. Charles, mwenye mgahawa stendi na mteja wa lita thelathini kila siku, aliingia kwa mlango wa nyuma asubuhi akamkuta Lusia anakoroga chumvi kwenye ndoo ya maji, kipimo kikielea humo. Tangi wakati huo lilikuwa chumbani na Charles hakuwahi kuliona. Alichokijua ni kile kinachojulikana na kila mtu wa biashara hii: wanaochakachua maziwa kwa maji huongeza chumvi ili kipimo kidanganyike.

Charles hakuuliza. Aligeuka akaondoka, na kufikia mchana stendi nzima ilikuwa na habari.

Lusia alikuwa akikusanya na kuuza lita 180 kwa siku. Wiki ya pili alishuka hadi 35, na nyingine akazigandisha mtindi uliokosa wanunuzi. "Ada ya shule ya mwanangu Limi ilinitetemesha, ndiyo," anasema. "Lakini kilichoniumiza ni jina. Mimi kazi yangu ni kumwambia mtu haya ni maziwa, haya ni maji. Nisipoaminika, ninauza nini?"

Je, anamlaumu Charles?

"Hapana. Ningemkuta yeye na ndoo ile, ningesema hivyohivyo. Tena kwa sauti."

Ndugu zake walimshauri awamwage samaki yaishe. Siku moja alibeba ndoo yao mpaka kwenye mtaro. Alisimama pale muda mrefu, anasema, akiwatazama wakipanda ukingoni mwa ndoo kana kwamba wanauliza tunaenda wapi.

"Nikaona nikiwamwaga nitakuwa nimekiri. Watu watasema, mmeona, ameficha ushahidi."

Akarudi nao. Kesho yake aliwaita vijana wanne wakalibeba tangi mpaka mbele ya kibanda. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi anachanganya maji ya samaki hadharani. Kipimo cha tangi amekipaka rangi nyekundu ya kucha, na ndoo yake ni nyekundu pia. Anayetaka kupima maziwa kwa mkono wake anapewa kipimo apime.

Aliyekuja wa kwanza ndiye ambaye hakumtarajia. Mzee Maduhu, mfugaji, aliwahi kurudishiwa na Lusia lita ishirini mbele ya watu, na aibu ile ilimkaa mwaka mzima.

"Alinirudisha, na ni kweli nilikuwa nimetia maji," anasema mzee huyo bila kupepesa macho. "Ng'ombe walikuwa wamekauka. Nikasema moyoni, mchakachuaji angenipokea, tukala wote. Huyu alinirudisha. Basi nitampelekea."

Alipokuja Maduhu, wengine wakafuata taratibu. Watoto walifuata samaki, mama zao wakafuata watoto. Msimu wa mvua watoto hao huleta kumbikumbi kwenye vikopo, na mwandishi wa makala haya, aliyesogeza uso karibu mno ili kuona wakilishwa, alirushiwa tope shavuni. Lusia aliona, akajaribu kujizuia kwa heshima, kisha akaangua kicheko.

Charles alichukua miezi saba. Hakuja kununua. Alikuja na chupa ya maziwa aliyoyanunua kwingine, akaiweka mezani. "Mama Limi, shikamoo. Naomba unipimie."

"Marahaba," akajibu Lusia, akapima. Ishirini na tatu. Akamwambia ukweli, bure. Charles akatazama samaki, akauliza wanakula nini. Kesho yake akaja na ndoo zake tupu.

Leo Lusia anauza lita 160 kwa siku, na saa tatu asubuhi hubaki na kopo la mwisho. Mkoko mmoja umepita ukingo wa tangi, na fundi wa vioo ameshaagizwa kutengeneza kubwa zaidi.

Mwezi Agosti, Masudi anamwozesha binti yake Tanga, na Lusia amealikwa. Itakuwa mara yake ya kwanza kuiona mikoko ikiwa imesimama kwao, na atakuwa mbali na kibanda kwa wiki mbili. Wafugaji wameshaanza kuuliza nani atapima.

"Charles," anasema, akifuta kipimo kwa kitambaa. "Nimeshamwambia. Wengine watanionea haya, watasoma ishirini na tano waseme ishirini na nane kwa sababu ni maziwa ya Mama Limi. Charles hatanionea haya."

Na Charles mwenyewe?

"Maziwa nitapima," anasema, huku akimtazama kwa wasiwasi samaki aliyemkazia macho kutoka topeni. "Hao wengine aniandikie maelekezo."