Soraya Apelekwa kwa Munganga

Jirani yangu Aicha anauza mikate ya kukaanga mlangoni mwa soko la Kasongo, na kwa kawaida kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Lakini mwaka huu alinuna hadi mafuta yakamwungulia. Shule ilikuwa imesema haitampokea tena binti yake, Soraya wa miaka minane, mpaka mtu wa hospitali aeleze kwa nini mtoto hatulii. Katikati ya hesabu anasimama, kazi anazianza zote, hamalizi hata moja. Wenye midomo wakasema ana majini. Niliwaambia majini wana kazi nyingine za kufanya.

Mwalimu wake, Grégoire, ndiye aliyetuelekeza kwa munganga wa watoto, daktari Chimène, aliyekuja hospitalini kwa majuma machache.

Hapo familia ikafanya kituko. Kwetu mtoto hapelekwi mbele ya mgeni wa heshima hivi hivi. Bibi yake Soraya, Latifa, alimsugua, akampaka mafuta, akamvisha nguo ya Idi, akamwapisha asitikisike. Soraya akakaa mbele ya munganga mikono mapajani, kimya kabisa! Niliuma kanga nisicheke.

"Nyumbani mutoto iko namna gani?" munganga akauliza.

"Iko na adabu sana," Latifa akajibu haraka. "Hanaga matata hata kidogo."

"Basi mumemuleta juu ya nini? Mimi naona mutoto mutulivu."

Aicha alibadilika uso. Kumpinga mama yake mbele ya mgeni ni aibu kubwa, lakini akinyamaza, shule imekwenda.

"Mama, unisamehe," akasema. "Munganga, bibi yake amemutisha. Soraya, mwanangu, kuwa vile uko siku zote."

Mtoto alimtazama bibi, akashusha pumzi. Punde akawa dirishani, kisha chini ya meza, kisha anauliza moyo wa munganga unapiga upande gani. Latifa alijifunika uso. Mabega yakaanza kumcheza, na kicheko kilipomtoka akasimulia mwenyewe jinsi Soraya alivyotumwa chumvi akarudi na kifaranga cha watu.

Munganga naye alicheka, lakini hakukimbilia kusema. Alimwita Soraya tena siku nyingine, akampima, akazungumza na Grégoire. Mwishowe akatuambia jina la tatizo hilo kwa Kifaransa: TDAH, yaani mtoto anashindwa kutulia na kukaza akili kwenye jambo moja.

"Si majini, na si malezi mabaya," akasema. "Akili iko, na mingi. Kutulia ndiyo kunamusumbua. Tutamusaidia, na shule nitaiandikia barua."

Aicha alilia palepale kwa furaha, nami nikalia naye.

Sasa darasani Soraya anakaa mbele, kazi anapewa kidogo kidogo, na katikati anatumwa kufuta ubao. Nyumbani Latifa anajifunza kumwagiza jambo moja tu kwa mara moja, na kwa mdomo ule si kazi ndogo.

Siku ile shule ilipofunguliwa tena, tulisimama nje ya ukuta wa darasa kusikiliza majina yakisomwa. La Soraya likasomwa. Aliitika kabla Grégoire hajafika mwisho wa jina, na Aicha akapiga vigelegele mpaka darasa zima likakimbilia madirishani.