Pua ya Marehemu

Mchonga mawe wa Kashikishi, mji wa kando ya ziwa, hulilamba jiwe kwanza aone rangi yake, kisha hujicheka mapema, maana anajua ataharibu. Kichwa kikivunjika pua, anakigeuza kiboko. Kiboko akikatika sikio, anakuwa samaki. Samaki akikatika mkia, linabaki yai. "Mayai ndiyo nilisomea," husema, akipangusa vumbi ndevuni. Leo Yolande, mchuuzi aliyevuka kutoka Pweto, ng'ambo ya ziwa, anataka achongewe sura ya marehemu mama yake. Picha haipo, Yolande anamwelekeza kwa mdomo tu. Macho yametoka vizuri mpaka fundi mwenyewe anaogopa. Amefika puani, pua bado ni nene, anashusha patasi.

"Dada, kama nagonga tena, mama yako atageuka samaki."

Yolande anacheka huku machozi yakimtoka. "Acha hapo, baba. Pua yake ilikuwa mukubwa vile vile."

Kisha anamfunga mama yake wa jiwe mgongoni kwa kitenge, wanashuka mama na binti hadi mtumbwini.