Namba Sita Katika Kidirisha Chekundu

Mkinikuta leo nimetulia kwenye kiti changu hapa Kabondo, mvi kichwani, watu wananiita papa fotografe kwa heshima zote, mnaweza kudhani sijawahi kuaibika mbele ya watu. Bon, mke wangu Zaina akipata wageni hakosi kusema, "Mumuulize siku alikuja kuniposa," na mimi hapo hapo hujifanya nimesikia mtu ananiita nje. Leo sitoki. Leo nasema yote mwenyewe kabla hajaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile baada ya uasi, mji wetu bado unajifunza kuitwa Kisangani (ulimi wangu ulikuwa bado unasema Stan, jina la zamani, na hata sasa mara nyingine unateleza). Nilikuwa kijana wa studio karibu na soko, na kamera ndiyo kwanza zilikuwa zinafufuka. Wakati wa vita mtu akikutwa na kamera alikuwa jasusi, na jasusi hakuulizwa swali la pili, donc watu walizifukia mashambani, wengine walizishusha kwa mtumbwi mpaka Isangi chini ya samaki wa kukausha. Sasa zilikuwa zinarudi zinanuka moshi, na wenyewe walizileta studio kuuliza: hii ni ya wakati gani, na ilitengenezwa wapi? Mimi nilikuwa najua. Lo, nilikuwa najua! Nasoma jina la mji kwenye pete ya lenzi, napapasa ngozi, nabonyeza kidogo nisikie mlio wake, halafu natamka, "Ujerumani, kabla ya vita vya Wazungu," na watu wanatikisa vichwa. Kusifiwa ni kutamu, jamani, na damu ilikuwa bado inachemka.

Basi ikafika siku ya posa. Kwetu sisi Wangwana, muoaji siku hiyo ni kama mzigo tu, anabebwa, anawekwa, anaangalia chini, na wazee ndio wanaosema. Tonton Saleh, ndugu ya baba yangu na msemaji wetu, alinionya njiani: "Leo wee funga kinywa. Hata nyoka ikikuuma, ulie ndani ya tumbo." Nikaapa.

Tulipokelewa barazani kwa mama yake Zaina, Mama Mwamini, mjane. Mume wake, Papa Ramazani, fundi cherehani, alichukuliwa wakati wa uasi na hakurudi tena, na mama huyu kwa hofu alichoma picha zote za nyumbani, kwa sababu katika nyingine mumewe alikuwa amesimama na Mzungu aliyemshonea suti. Haya yote nilikuwa nayajua. (Ndiyo maana naona haya mpaka leo.)

Mazungumzo yakaenda vizuri, tena vizuri mno. Mwishowe Mama Mwamini akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitenge, akakiweka mezani polepole. "Hii tulificha mu debe ya muchele mpaka vita ikaisha," akasema. "Na tunasikia kijana iko fotografe. Alors, mungoje nilete chai kwanza, nitawaelezea." Akaenda jikoni. Kitenge kikafunguka chenyewe, au tuseme Tonton Saleh alikisaidia kidogo, na ndani mlikuwa na kamera ya kukunja, ile yenye mfuko mweusi unaovutwa kama akodiani.

"Hii iko ya Wabeleji," akasema Tonton Anzuruni, mjomba wake Zaina, mzee wa sauti nene. "Babu yetu aliipata kwa Mubeleji."

"Kuipata kwa Mubeleji haiseme ilitokea Ubeleji," Tonton Saleh akajibu. "Angalia kazi yake. Iko ya Waalemani."

Wakabishana, mate yakaruka, posa yenyewe ikasahaulika. Nilipaswa kuangalia miguu yangu. Badala yake nikasema, "Pardon, tonton."

Neno hilo moja lilizaa mengine. Nikaichukua kamera, nikasimama (muoaji, siku ya posa, amesimama!), nikatoa somo: jina hili kwenye lenzi ni Dresden, mji wa Ujerumani, Tonton Saleh ana haki, hii ngozi imeshonwa hivi, na hiki kidirisha chekundu cha mgongoni kinatuambia inatumia filamu ya kuviringisha na karatasi yake. Shangazi mmoja akachungulia. "Na hii namba sita niko naona mu ndani?" Nikamjibu bila kugeuza kichwa, "Ile iko alama ya kiwanda, mama." Alama ya kiwanda! Mimi niliyewafundisha wateja kila siku kwamba kidirisha hicho kinakuonyesha umefika picha ya ngapi, siku hiyo nilikuwa nasikiliza sauti yangu tu. Tonton Anzuruni, ambaye hakupenda kushindwa, akauliza, "Na miaka yake?" Nikasema miaka tutaijua kwa namba iliyogongwa ndani, na pale pale, jua linawaka, koo mbili zinanitazama, nikafungua mgongo wa kamera.

Ndani kulikuwa na filamu.

Mama Mwamini alikuwa amefika mlangoni na sinia la chai. Aliweka sinia chini, akakaa sakafuni kando yake. "Papa Ramazani iko mule," akasema. "Foto yake ilibakia mule tu." Nyuma ya pazia nikamsikia Zaina anaanza kulia, na nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Funga!" Tonton Saleh akanguruma. "Funga apareyi, na kinywa yako pia!"

Nikaifunga, nikavua koti nikaizungushia, nikakimbia. Viatu nimeviacha mlangoni, nakimbia pekupeku kuelekea studio, Tonton Saleh nyuma yangu kanzu ameishika mkononi, Tonton Anzuruni nyuma yake anahema, na watoto wa mtaa mzima wanashangilia. Mama mmoja muuza kwanga za muhogo akauliza, "Amefanya nini?" na mtu akamjibu, "Amechoma bokilo yake!" Kabla ya magharibi soko lote lilikuwa na habari kwamba nimemtia moto mkwe wangu.

Nikajifungia kwenye chumba cha giza. Nilikuwa na tumaini moja: filamu ikiviringishwa, picha za kwanza zinakaa katikati, na jua linaanza na za nje. Nikaitia kwenye dawa, nikaomba Mungu. Picha ya kwanza ilitoka safi kabisa, hata ndevu zinaonekana: mbuzi wa sikukuu. Nilikaribia kulia. Za mwisho jua lilikuwa limezimaliza. Lakini iliyofuata mbuzi, mwanga ulikuwa umekula nusu ukaacha nusu: mtu amekaa mbele ya cherehani, mkono mmoja, sikio moja lenye penseli, upande mmoja wa uso.

Niliichapa kwenye karatasi, nikarudi nayo ikiwa bado mbichi, pekupeku vile vile. Barazani hakuna aliyenisalimu. Mama Mwamini akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama, akaitazama.

"Iko yeye," akasema. "Alikuwaga anacheka na upande moja tu. Ni huu."

Akamwita Zaina atoke nyuma ya pazia aje amwone baba yake. Tonton Anzuruni akageukia ukuta, akajifuta macho kwa kofia yake. Mimi nililia waziwazi, sikuona haya, maana haya yote nilikuwa nimeyamaliza asubuhi. Posa yenyewe ilimalizwa siku nyingine, mimi nikiwa sipo. Wazee wa pande zote mbili walinikataza kukanyaga pale, na walikuwa na haki.

Picha ile iko ukutani kwetu, na wajukuu wanadhani Papa Ramazani alipigwa foto kwenye ukungu wa mto. Kamera iko kabatini. Namba ya ndani niliiona kabisa siku ile, kwa macho yangu, lakini ilinitoka kichwani hapo hapo, na umri wa kamera ile siujui mpaka leo wala sitautafuta. Vijana bado wananiletea mashine za zamani wanazookota huku na huku, "Papa, hii iko ya mwaka gani?", na mimi siangalii pete wala ngozi. Naigeuza, nachungulia kile kidirisha, namrudishia mwenyewe ikiwa imefungwa.

"Kwanza uniambie," namuuliza, "nani iko mu ndani?"