Dakika Tisa za Mzee Anselmo

Mwanaheri binti Mwinshehe alikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma. Mwaka 1992 shirika likauzwa, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alirudi nyumbani kwao Mwananyamala akakaa miezi anaosha vyombo visivyo na uchafu. Dada yake Zubeda, aliyekuwa ameolewa Maskati, ndiye aliyemtumia kamera ya video.

Harusi zilimkubali haraka, maana aliweza kuingia chumbani kwa bibi harusi, mahali ambapo mpiga picha mwanamume hafiki. Lakini kilichomteka roho ni wachonga vinyago wa Mwenge. Siku zisizo na harusi alikwenda kuwapiga video fupi fupi, mmoja mmoja: huyu ni nani, katoka wapi, nani alimfundisha. Hakuna aliyemtuma. Jumapili aliwaalika sebuleni kwake pamoja na wake zao, akaweka mkanda kwenye deki, wakajiona. Walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye mkeka.

Mmoja wao alikuwa Mzee Anselmo, Mmakonde wa Newala, mtu wa kanisani, mwenye maneno mengi na shati lililonyooshwa hata siku ya kazi. Alimwita Mwanaheri "mwanangu" na kila mara alimuuliza zamu yake lini.

Zamu yake ilifika wakati mbaya. Mwaka 1994 mwenye duka moja la mjini aliona mikanda ile, akataka mmoja wa kuwaonyesha watalii. "Hii ya watu kuongea tu haivutii," alisema. "Nipigie kitu cha asili." Neno hilo lilimwingia Mwanaheri. Kwa mara ya kwanza mtu wa mjini alikuwa ametaka kazi yake.

Siku ya kurekodi, Mzee Anselmo alikuja amenyoa ndevu, amevaa shati jipya jeupe. Alitoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeandika kidogo nisije nikasahau. Kuna mambo ya baba yangu, na ya wanangu pia."

Mwanaheri aliitazama karatasi, akalitazama shati. "Mzee, leo naomba tufanye tofauti. Vua shati, uache kigoda, ukae chini."

Mzee alicheka kidogo, akidhani ni masihara. "Kifua wazi? Mie sichongi kifua wazi. Vumbi la mpingo linawasha."

"Ni dakika chache tu, mzee wangu. Wanapenda hivyo."

"Kina nani?"

Mwanaheri aliinama kurekebisha kamera. Mzee akavua shati, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya kigoda, kisha akakaa mavumbini. Mwanaheri alimwambia asiseme kitu, kwani ngoma ingewekwa baadaye. Akachonga kimya. Alipomaliza alikuwa anajikuna mabega, ngozi imeanza kututumka.

"Haya, sasa yale maneno yangu," alisema, akiichukua karatasi.

"Betri inaisha, mzee. Tutafanya wiki ijayo."

Betri ilikuwa nzima. Ila jua lilikuwa kali, na mwenye duka alikuwa anasubiri.

Mkanda ule ulipendwa dukani. Kule Mwenge vijana walianza kumtania mzee wakimwita "wa asili", naye alicheka nao. Mara mbili alimuuliza Mwanaheri, "Ile ya maneno lini?" Mara zote mbili alijibiwa wiki ijayo. Baadaye akaacha kuuliza. Waliamkiana vizuri tu, lakini hakumwita tena mwanangu. Mwanaheri aliliona hilo na akalipita.

Mwaka 1996 homa ilimlaza Mzee Anselmo siku nne, ya tano akafariki. Mwanaheri alikuwa Ukonga kwenye harusi na hakupata habari mpaka mazishi yamepita. Alipokwenda nyumbani kwa marehemu, Mlalakuwa, kutoa pole, mjane, Mama Bernadeta, alimshika mikono.

"Una mkanda wake. Tuletee siku ya arobaini. Ndugu wametoka Newala, wanataka kumsikia."

Kumsikia. Mwanaheri alitaka kumwambia kwamba mkanda hauna sauti ya mzee, lakini akaahidi kuuleta. Siku ya arobaini, baada ya misa, waliutazama kwa jirani mwenye televisheni, watu wamejaa hadi dirishani. Kwenye kioo akaonekana mzee amekaa chini kifua wazi, tezo mkononi, na ngoma ambayo haikuwa hata ya kwao. Dakika tisa. Shemeji mmoja mzee aliinamisha kichwa, akatoka nje.

Mama Bernadeta alingoja mpaka kioo kikawa cheupe.

"Shati lake liko wapi? Nililinyoosha mwenyewe."

"Alivua, mama. Joto."

"Na hakusema kitu?"

"Hakupenda kuongea."

Mama Bernadeta alimgeukia. "Anselmo?" alisema. "Anselmo hakupenda kuongea?"

Hakumgombeza. Aliutoa mkanda kwenye deki, akaufunga kwenye kanga, akamshukuru kwa kuja.

Mwanaheri aliendelea kuwarekodi wachongaji, wamevaa walivyotaka, wakisema mpaka wachoke wenyewe. Wengi walimsifu, na sifa zile zilimchoma. Kilichomuuma hasa si shati, wala hata maneno ambayo hayakurekodiwa. Ni kwamba alimsingizia marehemu mbele ya mkewe, naye mkewe akajua.

Ilimchukua mwaka mzima kupata ujasiri wa kurudi Mlalakuwa. Mpangaji mpya alitoka mlangoni akifuta mikono.

"Mama Bernadeta? Kahama na watoto, karudi kwao Newala. Tangu Pasaka."

Mwanaheri alimwandikia barua kupitia parokia ya huko, kurasa mbili, akaeleza yote jinsi yalivyokuwa: betri, joto, ule uongo. Hakupata jibu. Mpaka leo hajui kama barua ilifika.